Kumtafutia Kitindamimba Nyumba

Mdogo wangu wa mwisho aliponiandikia kwamba anarudi, alikuwa amekaa Ulaya miaka kumi na saba. Alikuwa amepata kazi ya kufundisha kwenye chuo kimoja mjini Moshi, anakuja na mke na watoto wawili, na aliniomba nimtafutie mahali pa kukaa. Ujumbe wenyewe ulikuwa mrefu, umepangwa vizuri kama barua ya kuomba kazi. Alitaka mahali ambapo hatatumia zaidi ya nusu saa kufika kazini. Alitaka maji yasiyokatika hovyo, shule ya watoto iliyo karibu, na mtaa ambao mkewe anaweza kutoka na kwenda sokoni kwa miguu bila kumsubiri mtu wa gari, maana huko walikokuwa alizoea kutembea. Mwisho akaandika: "Wewe ndiye unayeijua Moshi, dada. Utakapoona panatufaa, na sisi patatufaa."

Nilisoma ujumbe ule mara tatu nikiwa nimesimama barazani nyumbani kwa baba, juu kabisa, karibu na pale mashamba ya migomba yanapoishia na msitu kuanza. Nilikuwa natafuta sentensi moja tu, na haikuwamo. Hakusema kwamba anataka kukaa nyumbani. Nikashukuru Mungu, nikaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Asiyetoka kwetu inabidi aelezwe. Kwa Wachaga, kihamba cha baba, yaani shamba la migomba na kahawa pamoja na nyumba iliyomo, kina mwenyewe hata kabla baba hajafa. Mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kipande chake mapema. Wa katikati huambiwa dunia ni pana, akatafute. Nyumba ya wazazi hubaki kwa kitindamimba wa kiume, naye awatunze wazee mpaka mwisho wao. Mabinti hawamo, kwa kuwa inaaminika wataolewa na kukaa huko walikoolewa. Sheria ya nchi siku hizi inasema mengine, lakini ukiuliza kijijini kwetu nyumba ile ni ya nani, hata mtoto wa chekechea atakutajia kitindamimba.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ile, ila si wa kiume. Niliolewa, ndoa ikanishinda, nikarudi na sanduku moja na cherehani wakati baba alipoanza kuugua. Nilimuuguza mpaka tukamzika pale kwenye migomba, nikabaki na mama. Niling'oa mibuni iliyozeeka nikapanda mipya. Nilibadilisha mabati. Nilivuta maji ya bomba mpaka ndani, nikajenga choo na bafu chini ya paa moja na vyumba, kwa marumaru, kwa sababu magoti ya mama hayakuweza tena kushuka uani. Na kila Krismasi, ukoo unapopanda kutoka Dar na Arusha kuja kula na kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, hakukosekana mtu wa kuniambia, tena kwa wema kabisa, "Unamtunzia mwenzio vizuri."

Basi niseme wazi kwamba niliogopa. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, na nikitolewa pale sikuwa na pa kwenda. Mdogo wangu sikuwa na ugomvi naye. Nilimbeba mgongoni akiwa mchanga, na yeye ndiye aliyekuwa akinitumia dawa za mama bila kuombwa. Lakini mtu anaweza kumpenda ndugu yake na bado akaomba asije kukaa.

Kwa miaka ishirini na nane nilikuwa mpimaji kwenye chama cha ushirika cha kahawa. Mkulima analeta gunia lake, mimi naingiza mkono, natazama punje, nanusa, naing'ata moja kujua unyevu, naweka mizani, natamka daraja. Kazi ile inamfundisha mtu kutoonyesha uso. Mjomba wangu mwenyewe nilimrudisha na gunia lake lenye maji, hakunisemesha mpaka Pasaka. Nilijivuna, na mpaka leo najivuna, kwamba katika miaka yote ile sikumpunja mtu. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kutafuta nyumba niliichukua kama kazi yangu ya zamani. Nilisema nitazipanga madaraja bila shauku, na itakayokuwa ya kwanza ndiyo nitakayomtumia.

Nilipata dalali, mwanamume wa makamo mwenye kofia ya pama na simu mbili, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuona nyumba mbaya. Alinionya mapema kwamba watu wanaotoka nje ni wagumu. Wanafungua mabomba yote kabla ya kusalimia, wanauliza jirani anafuga mbwa wangapi. Nikamwambia anayekuja ni mdogo wangu na mimi ni mgumu kuliko yeye. Akacheka, akaniita mama, tukaanza.

Tulianza Majengo. Sisi wa mlimani tuna tabia ya kuuona mji kama mahali pa kununua chumvi na kurudi, na Majengo zaidi, kwa kuwa ni mtaa wa watu wa kila kabila na misikiti yake na sisi ni watu wa parokia moja tangu babu. Nilikwenda na dharau kidogo, na sikuipata sababu yake. Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta nene, nusu yake inapangishwa na nusu anakaa mwenye nyumba. Mbele yake fundi seremala alikuwa anapiga randa kitanda, na nyuma kulikuwa na uwanja uliofagiliwa ukafagilika. Mwenye nyumba, bibi aliyejitanda kanga mbili, alinikaribisha kahawa chungu na kashata kabla hajanionyesha chumba hata kimoja. Aliuliza watoto wana miaka mingapi. Nilipomwambia kumi na moja na saba, na kwamba Kiswahili chao ni cha kwenye simu tu, alisema wakikaa pale wiki mbili watakuwa wanatukana kama wenzao.

Ningependa kukaa pale mimi mwenyewe. Lakini bomba lilikuwa moja, uani, na mdogo wangu alikuwa ameniandikia kwamba mkewe amezoea nyumba yenye mlango wake mwenyewe, isiyochangiwa na mtu. Nikaipa daraja la pili.

Siku nyingine dalali akanipeleka Kahe. Aliniapia kwamba kutoka mjini ni dakika ishirini, lami tupu, nyumba mpya ambayo haijalaliwa. Upya wa nyumba ulikuwa kweli. Ilikuwa imesimama peke yake katikati ya mashamba ya mahindi na mpunga, mifereji ya umwagiliaji inapita pande mbili, vyumba vinne, varanda inayotosha kuanika kahawa ya kijiji kizima. Lakini gari lilitembea saa nzima kufika. Tulikwama nyuma ya trekta, kisha nyuma ya ng'ombe, kisha nyuma ya trekta nyingine. Dalali akasema ni leo tu, mama. Nikamuuliza mwanamke aliyekuwa anafungulia maji shambani kwake, akasema msimu wa mavuno huwa hivyo kila siku, na leo ilikuwa afadhali.

Mtu wa mlimani akishuka Kahe huvua sweta kwanza ndipo asalimie. Bibi zetu walituambia huko chini kuna homa, kwamba unashuka asubuhi kulima na unarudi jioni ukiwa unatetemeka, na ingawa nimesoma na najua vyandarua vipo, nilipohisi mbu wa kwanza shingoni nilishaikataa nyumba kabla sijaingia ndani. Dalali aliniona. Alisema wanaokaa Kahe wanakula wali wao wenyewe na wanatucheka sisi tunaogombania vipande vya ardhi huko juu.

Hata hivyo niliporudi na kumtumia mdogo wangu taarifa, niliisifia Kahe kuliko ilivyostahili. Nilisema kuna hewa, kuna nafasi ya watoto kukimbia, ardhi tambarare, gari halipati shida. Hapo ndipo ningepaswa kujishtukia. Niliandika neno tambarare mara mbili, kama mtu anayemkimbiza mwenzake kutoka mlimani.

Njoro tulikwenda mwisho. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, geti la kijani, mparachichi uani. Shule ilikuwa hatua chache, duka la mboga kwenye kona, jirani mmoja fundi cherehani na mwingine anauza mkaa. Nilifungua mabomba yote kabla ya kusalimia, na yakatoka maji. Nilitoka barabarani nikatembea nikihesabu kwa saa yangu. Kwa miguu mpaka chuoni zilikuwa dakika ishirini na mbili, mwendo wa mwanamke wa umri wangu. Mkewe angefika sokoni na kurudi kabla maharage hayajaiva. Nikaipa daraja la kwanza, na naapa kwamba hapo sikupendelea. Hata leo ukiniletea nyumba zile tatu nitazipanga vilevile.

Tatizo ni kwamba nyumba zilikuwa nne, ukihesabu ya baba.

Mama hakuwa ameambiwa kwamba kuna nyumba nyingine inayotafutwa. Alikuwa na miaka themanini na minne, macho yake yamefifia lakini masikio yake mazima, na tangu aliposikia kwamba kitindamimba anarudi alikuwa amenifanyisha kazi kama siku za kipaimara. Nilitoa magunia kwenye chumba cha mwisho, nikapaka chokaa, nikaleta kitanda kikubwa kutoka stoo. Chumba cha pili, kile ninachoshonea, alisema kitafaa watoto. Kila nilipotoka mjini aliniuliza nimepata nini huko, nikamwambia nilikwenda kutafuta vitambaa. Mwisho jirani mmoja akamwambia kwamba ameniona Njoro na dalali.

Nilikuwa namenya ndizi za mtori aliponiita nikae karibu naye. "Mtoto mwenye nyumba," akauliza, "anatafutiwaje nyumba?"

Nikamwambia kazi yake iko mjini na anataka nusu saa tu ya njia. Mama akauliza kutoka hapa mpaka mjini ni muda gani. Nikasema inategemea. Akachukua ndizi moja kwenye beseni langu akaanza kuimenya kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla mikono haijaanza kumtetemeka. Mama yangu hajavaa saa maisha yake yote, lakini mjinga si yeye.

Jibu la mdogo wangu kuhusu Njoro lilikuja siku iliyofuata. Alisema picha ni nzuri na mkewe amependa geti la kijani. Kisha, chini kabisa, akauliza: "Na huko juu je? Barabara ya nyumbani ikoje siku hizi?"

Barabara ya kwetu ilikuwa imewekwa lami miaka miwili kabla ya hapo, kutoka njia kuu mpaka kanisani. Kutoka kanisani mpaka kwetu kuna kipande cha changarawe ambacho kuku anaweza kukivuka bila kuchafua miguu. Asubuhi, kwa gari, mjini ni dakika ishirini na tano. Nilikuwa na simu mkononi na ukweli huo wote kichwani.

Nikamrekodia ujumbe wa sauti. Nikamweleza masika. Nikamweleza lile korongo la chini ya kanisa, jinsi gari linavyoteleza kinyumenyume, na jinsi watu wanavyotoka majumbani na majembe na kamba kulivuta. Nikamweleza mvua inayonyesha wiki mbili bila kupumzika, watoto wa shule wanaobeba viatu mkononi. Nikamkumbusha siku harusi ilipokwama na bibi harusi akashuka na gauni lake kwenye tope, hadithi ambayo yeye mwenyewe alikuwepo akiwa mdogo. Kila nililosema lilikuwa limewahi kuwa kweli. Alipouliza maji na choo, nilimwambia, "Nyumbani unapajua."

Akajibu kwa kifupi. Sawa dada, basi twende na Njoro.

Nilijisikia vizuri, sitaficha. Usingizi ulinijia mapema. Nilijiambia kwamba Njoro ilikuwa imeshinda kwa haki, na kwamba jibu langu halikubadilisha kitu, kwa hiyo haliwezi kuitwa uongo.

Alikuja peke yake, wiki tatu kabla ya familia, ili aione nyumba na kusaini. Alikataa nimfuate uwanja wa ndege. Alisema atakodi gari huko huko, atanichukua mjini, tupande kumsalimia mama, kesho yake tushuke Njoro. Nilimsubiri nje ya duka la pembejeo ninakonunua dawa ya kahawa, nimevaa gauni la kanisani.

Gari lililosimama mbele yangu lilikuwa refu kwenda juu kiasi kwamba kwanza niliona matairi. Lilikuwa la aina ile wanayopeleka watalii mbugani, magurudumu yenye meno, chuma mbele, bomba la kupumulia limepanda mpaka paani ili injini isinywe maji. Mdogo wangu akateremka kutoka humo, amenenepa, mvi pembeni, akainama. "Shikamoo dada." Nikamwitikia marahaba, tukakumbatiana, na machozi yakanitoka, kwa sababu nilikuwa na hamu naye na nilikuwa sijui.

Alipofungua nyuma kuweka kikapu changu niliona mengine. Palikuwa na kamba nene ya kuvutia gari, bado imefungwa na nailoni ya dukani. Palikuwa na koleo. Palikuwa na jozi mbili za mabuti ya mvua, kubwa na ndogo, na ile ndogo ilikuwa namba yangu. Alisema kama mtu anayeomba radhi kwamba gari ni kubwa mno, lakini jamaa wa kukodisha alimhakikishia hili halikwami. Alikuwa na zawadi za mama na hakutaka ziloweke.

Hapo ndipo ningesema ukweli wa barabara, na sikusema.

Tukaanza kupanda. Njia kuu ilikwisha, tukakunja kulia, na lami ikaendelea. Ilikuwa nyeusi, ina mstari mweupe katikati, mifereji ya saruji pembeni. Ilikuwa siku ya jua. Mdogo wangu aliendesha kwa mikono yote miwili, polepole, akitazama mbele kama mtu anayesubiri kitu kijitokeze. Nikamwambia ndizi mwaka huu zimezaa vizuri. Akasema naona. Nikamwambia padri amebadilishwa. Akasema kumbe. Bajaji iliyobeba mikungu mitatu na mwanamke mmoja ilitupita, dereva wake akatupigia honi ya kutusalimia. Pale kwenye korongo nililomsimulia palikuwa na daraja, na kwenye daraja mama mmoja alikuwa amekaa anauza maembe.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, na ile ilikuwa dakika ishirini na tano. Tulipopita kanisa na kuingia kile kipande cha changarawe, mdogo wangu alibonyeza kitufe cha kuyapa nguvu magurudumu yote manne, ingawa palikuwa pakavu. Nadhani alikuwa ananihurumia.

Mama alimshika uso kwa mikono miwili muda mrefu. Tulikula mtori na nyama. Alionyeshwa chumba kilichopakwa chokaa, akakisifia, akaweka begi lake humo. Alikwenda kunawa, nami nikiwa jikoni nikayasikia maji yanamwagika kwa nguvu, yakamwagika, yakamwagika, muda mrefu kuliko mikono inavyohitaji. Alitoka anajifuta. "Umejenga vizuri," akaniambia. Hakuuliza nilijenga lini.

Asubuhi alimshika mama mkono wakazunguka kihamba chote, wakasimama kwenye kaburi la baba, wakakaa kidogo kwenye gogo. Niliwatazama kupitia dirisha la jikoni. Sikusikia walichosema na sikutoka kuwafuata. Aliporudi aliuliza mibuni mipya ina miaka mingapi, nikamwambia saba. Akasema imetunzwa. Kwa mpimaji wa kahawa hilo ni neno kubwa, lakini alilisema bila kunitazama usoni.

Tukashuka Njoro na lile gari. Dalali alitusubiri getini na kofia yake, akaanza kusifu mparachichi. Mdogo wangu alikagua kila kitu kama nilivyofanya mimi. Alifungua mabomba, akagonga milango, akauliza mbwa wa jirani. Akasema inafaa. Dalali akatoka nje kupokea simu, na sisi tukabaki kwenye chumba kile kikubwa kitupu, sauti zetu zinagonga kuta. Mdogo wangu alitoa futi ya chuma mfukoni akaanza kupima dirisha, maana mkewe alitaka vipimo vya mapazia.

"Dada," alisema akiwa amenipa mgongo, "nisingekuja kukaa juu. Mke wangu anataka kutembea kwenda sokoni, na mimi nimechoka kuendesha gari. Nyumba ya baba kaa wewe. Nimemwambia mama asubuhi, na ukoo nitauambia Krismasi. Sikuwahi kuwa na nia ya kukutoa."

Nilijibu kwamba sikujua. Nilijibu upesi mno, kama mtu aliyekuwa amebeba jibu tayari.

"Usingejua bila kuniuliza," akasema. "Mimi nilikuuliza barabara kwa sababu nilitaka uniambie karibu nyumbani. Ningekataa. Lakini nilitaka uniambie."

Nimepima kahawa ya watu wengi na nimeona nyuso za watu wengi wakisubiri nitamke. Sikuwahi kuwa upande wa pili wa mizani. Nilisimama katikati ya chumba kile nikiwa nimeshika mkoba, nikamwambia, "Karibu nyumbani, mdogo wangu." Sauti ilinitoka ndogo. Aligeuka, akasema asante, na nadhani alimaanisha. Kisha akaniomba nimshikie upande mmoja wa futi, kwa kuwa dirisha lilikuwa pana.

Familia ilikuja, wakahamia. Njoro imewafaa kama nilivyosema itawafaa. Mkewe anakwenda sokoni kwa miguu na tayari anabishania bei kama mtu wa hapa, watoto wamejifunza kutukana, mdogo wangu anafika chuoni kabla wenzake wenye magari hawajapata pa kuegesha. Dalali hunipigia simu kunishukuru na kuniuliza kama sina ndugu mwingine huko nje. Krismasi ile mdogo wangu alisimama mbele ya ukoo akasema aliyosema, wazee wakagunaguna, wakanywa, wakakubali. Nyumba ikawa yangu mbele ya mashahidi. Hakuna tena anayeniambia namtunzia mwenzangu.

Lakini kabla ya Krismasi ile ilikuwapo Jumapili yao ya kwanza. Walipanda baada ya misa, wote wanne, kwa bajaji. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya meza napanga sahani, mama ameketi kwenye kiti chake akitazama mlangoni, na mlango ulikuwa wazi wote, kama ulivyo kila siku. Tuliwasikia wakipita kwenye migomba. Mdogo wangu alifika barazani na mfuko mkononi, ndani yake sukari kilo mbili na mkate, vile vitu mtu anavyobeba anapokwenda kutembelea watu. Mkewe na watoto walisimama nyuma yake. Angeweza kuingia. Alizaliwa kwenye chumba cha pili upande wa kushoto.

Alisimama nje ya kizingiti akapiga hodi.

Mama aligeuza shingo akanitazama mimi, akasubiri, kwa sababu hodi hujibiwa na mwenye nyumba. Nikaweka sahani chini nikasema, "Karibuni."